Mashine ya Moyo na Daftari la Jirani

Hapana, haikuwa njaa. Hilo liandike kwanza, kabla mtu hajauliza. Haikuwa njaa, haikuwa sumu, na hakuna aliyenitupia jicho baya. Siku zile kila aliyekuja kunipa pole alikuja na ugonjwa wake mkononi, kama vile watu wanavyobeba sukari wakienda kuona mgonjwa. Huyu ananiachia presha, yule ananiachia minyoo. Fundi mmoja wa magari, aliyekunywa chai yangu miaka yote niliyouza chai na mandazi kwenye magereji ya Gikondo, alisimama mlangoni, mikono mifukoni, akanitazama kama mtu anayetazama boneti. "Mama, hiyo ni buji tu," akasema. "Buji ikichoka kutoa cheche, gari linakata, linawaka, linakata." Nikamfukuza na ufagio. Kumbe katika wote, yeye ndiye aliyekaribia.

Anayeandika haya ni jirani yangu. Mimi shule sikuingia hata kwa dirisha, kalamu kwangu ni kijiti cha kukunia mgongo. Jirani yangu yeye ni katibu wa kwaya kanisani kwao, mlokole wa damu, hawezi kusema uongo hata kwa kumsaidia mtu. Tabia hiyo ilitaka kunimaliza, utaona. Usitabasamu, dada, wewe andika.

Kazi yangu ni sauti za watu. Nilianza utotoni Bujumbura, tulikokulia wakimbizi, nikamwiga mama mkwe wa kila mwanamke pale mtaani, nikapigwa, nikaendelea. Mungu hakunipa kitabu, alinipa koo. Nikikusikiliza mara mbili tu, wewe tayari unakaa humu kooni, unalala humu, unakula humu. Siigi sauti peke yake, maana sauti bila mwili ni redio. Naiga na bega, na jicho, na namna mtu anavyomeza mate kabla ya kuomba kitu. Jumapili baada ya misa wanawake wanajaa uani kwangu, mimi nakaa kwenye benchi, wao wanataja mtu, mimi namleta. Namleta padri, namleta mkuu wa mtaa na kipaza sauti chake, namleta mwenye gereji akidanganya mteja kwamba spea imetoka Dubai.

Jumapili moja nikawa namleta mtu. Mtu gani, tutafika. Katikati ya maneno nikaona uwanja wote unaingia giza kutoka pembeni, kama mtu anafunga pazia, na nilipofungua macho nilikuwa chini, kandambili moja kifuani. Wale wanawake wakawa wanapiga makofi! Walifikiri ndiyo mwisho wa mchezo. "Mukecuru, bibi yetu, hiyo ya kuanguka ni mpya!" Nikainuka, nikainama kidogo kuwashukuru. Ningefanya nini?

Mara ya pili ilikuwa Kagarama, kwenye sherehe ya mahari, nyuma jikoni ambako tulikuwa tunamenya karoti. Wakaniomba mtu yule yule. Nikaangukia beseni. Safari hii hapakuwa na makofi, kwa sababu karoti zilifika mpaka miguuni mwa wageni, na mgeni mmoja alikuwa anamjua mwanangu.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume. Ni mtu mkubwa katika ofisi fulani, na amejenga Kinyinya, nyumba ya kupanda ngazi. Ni mtoto mzuri, sina la kusema. Ila anaongea hivi: kidevu amekibana kifuani kama mtu aliyeshikilia barua kwa kidevu, kichwa amekigeuza upande kidogo ili akutazame kwa jicho moja, na vidole viwili viko kwenye fundo la tai, analisukuma juu, analisukuma juu, kama vile maneno hayatoki mpaka tai ipande. "Mama. Tuongee. Kwa utaratibu." Huyo ndiye mwanangu.

Alinipigia simu kuhusu karoti. Nikamwambia ilikuwa njaa. Ndiyo maana nimesema uandike kwanza kwamba haikuwa njaa: kesho yake liliingia gunia la mchele, mafuta, maharage, na mke wake akaja na chupa mbili za uji wa mtama. Mkamwana wangu ni mtu wa kimya. Miaka yote ile nilikuwa sijapata sauti yake ya kuiga, kwa sababu haitumii. Aliweka uji mezani, akanitazama ninavyokunywa, akasema, "Mama, njaa hii ilianza lini?" Nikasema, "Juzi." Akasema, "Haya." Basi. Kwa mtu kama huyo unaona kabisa kwamba ameshajua.

Mara ya tatu nilikuwa kwa huyu jirani, kwenye kochi lake, sisi wawili tu, namletea mtu yule yule. Nilizinduka namsikia anakemea mapepo juu ya kichwa changu, mkono mmoja hewani, mkono mwingine unabonyeza simu kumwita mwanangu. Akafika na gari kabla sijapata uongo mpya. Akakaa. Kidevu kikashuka, vidole vikaenda kwenye tai.

"Mama. Tutapima moyo. Moyo ukionekana mzima, utakaa hapa kwako, sitasema tena. Moyo ukionekana una tatizo, unahamia kwangu Kinyinya. Chumba kiko tayari. Nimeshapaka rangi."

Sasa ngoja nikwambie Kinyinya ni nini. Kinyinya kwa mwanangu ni vigae vinavyoteleza kama sabuni, ni geti linalofungwa, ni majirani wanaopita ndani ya magari na vioo vimepandishwa. Nimekaa kule siku tatu wakati wa ubatizo wa mjukuu, na katika siku tatu nilisikia sauti ya jirani mara moja, akimwita mbwa. Hapa Gikondo naamka kwa nyundo za magereji, nasikia makanisa matatu yakishindana kwa ngoma, nasikia makondakta wanaita abiria, nasikia huyu jirani akigombana na kuku wake kwa jina la Yesu. Mtu anayeishi kwa sauti za watu ukimpeleka Kinyinya, umemnyima chakula. Chumba kimepakwa rangi ya maziwa. Nilikiona. Kimetulia kama mochwari.

Basi nikaenda kupimwa nikiwa na nia moja tu: moyo wangu utoke mzima, hata kama ni kwa hila.

Mashine ya kwanza ni ile ya kuchora. Binti wa mashine alikuwa mdogo, mzuri, na Kiswahili chake kama cha wengi wetu hapa, r na l zimebadilishana nyumba. "Mukecuru, toa nguo ya juu, rara hapa, usiogope, haiumi." Akanibana mikono na miguu kwa vibanio kama vya kuanikia nguo, kila kimoja na rangi yake, halafu akanipaka mafuta ya baridi kifuani akanibandika vikombe sita vya mpira vinavyonyonya ngozi. Sita! Nikamwambia, "Binti yangu, nimenyonyesha watoto saba, hakuna aliyenyonya kwa nguvu hivi." Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Usiongee, mukecuru. Ukiongea, umeme ya nyama za mwiri inaingia kwenye kalatasi. Mimi natafuta umeme ya moyo peke yake."

"Moyo una umeme?"

"Iko na yake. Inajiwasha yenyewe."

"Na umeme wa kulipia, kashi pawa, ananunua nani?"

Akacheka tena. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi ya pinki yenye vyumba vidogo vidogo, na mstari juu yake unapanda na kushuka. Nikamrudishia sauti yake palepale nikiwa nimelala: "Mukecuru, rara hapa, natafuta umeme ya moyo peke yake." Alicheka mpaka machozi, akatoa vibanio kupangusa mafuta, akavirudisha, akachora ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa inatetemeka.

Muganga wa moyo akaingia, akaitazama ile karatasi, akaigeuza, akanitazama mimi. Huyu ni mtu mzima, alisomea Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Bibi," akasema, "kwa karatasi hii, moyo wako uko upande wa kulia."

Mwanangu akasimama. Mimi nikasema, "Ndiyo maana baba yake sikumwelewa miaka arobaini."

Muganga hakucheka. Alimgeukia binti. "Waya wa mkono wa kulia umeuweka wapi?" Binti akaangalia mikono yangu, nyekundu kushoto, njano kulia, akajifunika uso. Kumbe nilipomchekesha alirudisha vibanio kinyume. Muganga akasema daktari asiyeangalia anaweza kutibu ugonjwa wa waya. Ikachorwa ya tatu, mimi nimefunga mdomo kama mtu anayepiga picha ya kitambulisho.

Ya tatu ikatoka safi. Nasema safi! Muganga alipitisha kalamu juu ya mstari: kilima kidogo, mlima mkali, kilima cha mviringo, kilima kidogo, mlima mkali. Akasema umeme unatoka juu vizuri, unashuka vizuri, unafika chini kwa wakati. Mimi nikaanza kuvaa. "Umesikia?" nikamwambia mwanangu. "Twende. Hicho chumba chako cha rangi unaweza kuwapa wageni."

"Polepole, bibi," muganga akasema. "Hii karatasi ni sekunde chache tu. Wakati huo ulikuwa umelala na umenyamaza. Je, ulianguka ukiwa umelala na umenyamaza?"

Mkamwana wangu, pale kwenye kiti cha mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu kunyamaza? Hata siku moja."

Ndipo ikaja mashine ya pili. Ni kamashini kama simu, kananing'inia kiunoni, na nyaya zake zinapanda mpaka kifuani kwenye vibandiko. Kanakaa na wewe mchana na usiku, kanaandika kila pigo la moyo bila kuchoka wala kupumzika, kama huyu jirani yangu kabisa. Ilikuwa Ijumaa. Binti akanifundisha: "Usioge, usiroweshe. Kesho mchana unaludi. Na hii ni daftali. Kila kitu unafanya, unaandika na saa. Umekula, andika. Umepanda mlima, andika. Umesikia kizunguzungu, andika."

"Sijui kuandika."

Mwanangu akasema, kidevu kifuani, "Jirani ataandika. Ni mtu mwaminifu."

Nilijua hapo hapo kwamba nimekwisha.

Sasa kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja, mtaa mzima uko nje na majembe na fagio. Mimi kwa umri wangu hawanidai kitu, lakini huwa natoka, nashika ufagio mmoja, nawasikiliza watu, maana huko ndiko navuna. Huyu jirani akanifuata nyuma na daftari na saa ya mkononi kama polisi. Nikifagia, anaandika. Nikikohoa, anaandika. Nikamwambia, "Kuna mahali naenda mwenyewe." Akasema, "Nitasubiri mlangoni," na akasubiri, na akaandika.

Kazi ilipokwisha na mkutano wa mtaa ukaisha, wanawake wakaja uani kwangu kama kawaida, na majembe yao, na udongo miguuni. Nilikuwa nimeapa kukaa kimya siku ile. Mungu ananiona. Lakini waliona nyaya zinachungulia shingoni, wakauliza, nikaanza kueleza, na kueleza bila sauti siwezi. Nikamleta binti wa mashine. Wakacheka. Nikamleta mkuu wa mtaa alivyosema asubuhi ile kwamba mtaro umeziba kwa sababu ya tabia. Wakacheka. Nikamleta padri. Halafu mmoja akasema, "Lete tajiri wa Kinyinya."

Mwanangu.

Namna ninavyomleta ni hii. Navua kitambaa cha kichwani, nakifunga shingoni kama tai, navuta fundo mpaka likaze barabara, maana yeye hukaza barabara. Nashusha kidevu. Nageuza kichwa. Kwa vidole viwili nasukuma fundo juu, hapa pembeni chini ya taya. Sauti inatoka yenyewe, nzito, kama pipa tupu linaburutwa. "Mama. Mimi sisemi kwamba hujui. Mimi nasema. Kuna utaratibu."

Wakalia kwa kicheko. Mimi nikaona lile pazia linakuja kutoka pembeni, nikashika benchi, nikalegeza kitambaa, pazia likarudi. Hakuna aliyeona. Aliyeona ni huyu, alikuwa ameshatazama saa.

"Rudia, mukecuru! Leta akiongea na fundi wa vigae!"

"Utatuua, wewe!"

Nikarudia. Unajua mtu akishaanza kuchekesha, hata nyumba ikiungua atamalizia kwanza. Nilirudia mara mbili. Mara ya mwisho nilikaa chini taratibu nikajifanya nafunga kiatu, na sikuwa na viatu.

Walipoondoka nikamgeukia katibu. "Umeandika nini?"

"Ulichofanya."

"Andika nilikuwa napika."

"Hukupika."

"Andika basi nilikuwa naongea na majirani. Hilo ni kweli."

"Ni kweli nusu. Muganga amesema niandike kila kitu."

"Dada yangu, wanipeleke Kinyinya? Utabaki na nani hapa? Nani atakusikiliza ukigombana na kuku?"

Macho yakamjaa maji, nikasema sasa nimempata. Akafunga daftari, akalitia kwenye mkoba pamoja na Biblia yake. "Nitakulilia," akasema, "lakini sifuti."

Wiki iliyofuata tukaitwa. Muganga kwenye kompyuta yake, mwanangu na tai, mkamwana kwenye kiti cha mlangoni, mimi katikati kama mtuhumiwa. Kwenye kioo mstari wangu ulikuwa unakimbia, kilima mlima kilima, kilima mlima kilima, siku nzima ya maisha yangu. Halafu muganga akausimamisha. Baada ya mlima mmoja hapakuwa na kitu. Mstari umelala chini, umenyooka kama barabara mpya ya lami, mbali, mbali, halafu ndipo mlima mwingine.

"Hapa moyo wa bibi ulisimama sekunde nne."

Mwanangu akashika kichwa. Mimi nikasikia harufu ya rangi ya maziwa.

"Ilitokea mara tatu," muganga akasema, "zote ndani ya robo saa. Saa nyingine zote, kulala, kula, kufagia, hakuna kasoro hata moja. Kwa hiyo nikauliza daftari." Akavaa miwani. Akasoma kwa ile sauti yake ya pasi, neno kwa neno, na kila mstari akaulinganisha na kompyuta. "Saa tano kasoro tano, anamwiga binti wa hospitali. Moyo mzuri. Saa tano kamili, anamwiga kiongozi wa mtaa. Moyo mzuri. Saa tano na dakika nne, anamwiga padri, Mungu amsamehe. Moyo mzuri. Saa tano na dakika kumi na mbili..."

Akavua miwani, akamtazama mwanangu, akaivaa tena.

"Anamwiga mwanawe wa kiume. Tai ya kitambaa. Kidevu chini. Majirani wanalia kwa kicheko. Hapo ndipo moyo uliposimama. Saa tano na dakika ishirini, anamwiga mwanawe akiongea na fundi wa vigae. Ukasimama. Saa tano na dakika ishirini na sita, anamwiga mwanawe tena, kwa ombi la watu. Ukasimama."

Mwanangu aligeuka, taratibu, kidevu kifuani, jicho moja. "Mama. Unaniiga?"

Nikasema, "Kwa mapenzi."

"Ningependa kuona," muganga akasema.

"Daktari," mwanangu akasema, "ni lazima?"

"Ni kipimo. Mimi pia nitaibonyeza shingo yake kwa vidole, lakini kwanza nataka nione anavyofanya mwenyewe. Bibi, panda kitandani, ulale. Usifanye tena hivi nyumbani, ni hapa tu, mimi nikiwa karibu." Binti akanibana vibanio, safari hii akitaja rangi moja moja kwa sauti. "Nyekundu kuria. Njano kushoto." Mashine ikaanza kulia pi, pi, pi. Muganga akauliza, "Kitambaa kiko wapi?" Nilikuwa nimekiacha nyumbani, nimevaa kofia ya sufu. Akatazama huku na huku, halafu akamtazama mwanangu. Mwanangu akaivua tai yake mwenyewe, hariri ya bluu, akanipa bila kunitazama.

Nimewahi kuiga watu mbele ya harusi nzima, nimewahi kumwiga mkuu wa mtaa mwenyewe akiwa dirishani. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Nilifunga ile tai, ilikuwa bado na joto la shingo yake, na nikamkumbuka alipokuwa mdogo Bujumbura, nilivyokuwa namfunga vifungo vya shati la shule, yeye amekibana kidevu ili nipate nafasi. Nikataka kukataa. Lakini koo langu halijui kukataa. Kidevu kikashuka chenyewe, vidole vikapanda.

"Mama. Tuongee. Kwa utaratibu. Mimi sisemi kwamba..."

Pi. Pi. Halafu hakuna. Nilisikiliza pi nyingine ije, nikaona dari inapanda juu kama lifti, na lile pazia likajifunga.

Nilirudi muganga akiwa ameshalegeza fundo, pi, pi, pi, na kitu cha kwanza kufika masikioni mwangu kilikuwa kicheko cha mwanamke. Nikafikiri ni binti wa mashine. Haikuwa yeye. Alikuwa mkamwana wangu, ameinama kwenye kiti, mkoba mdomoni, mabega yanaruka. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake kamili. Nikaiweka kooni papo hapo, ninayo mpaka leo.

Muganga akavuta kiti, akachora moyo nyuma ya lile daftari. "Hapa juu," akasema, "pana sehemu ndogo kama punje ya mchele. Hiyo ndiyo inayotoa cheche. Cheche inashuka mpaka katikati, inasubiri kidogo kama mtu mlangoni, halafu inagawanyika njia mbili, kushoto na kulia, na moyo unabana. Sasa shingoni, hapa, yuko mlinzi. Kazi yake kupima presha ya damu. Ukimbana, anafikiri presha imepanda, anaupigia moyo simu: punguza! Kwa watu wengi anaongea kwa adabu. Wako, bibi, kwa umri, anapiga kelele. Moyo unatii mpaka unasimama."

"Kwa hiyo buji ni nzima," nikasema. Nilimkumbuka yule fundi.

"Ni nzima. Anayezima yuko nje."

Akanipa masharti. Hakuna kufunga kitu shingoni, hata rozari fupi. Hakuna kukaza kidevu, hakuna kugeuza shingo kwa nguvu. Nikisikia pazia, nikae chini haraka. Na nikianguka tena bila kubanwa, nirudi, wataniwekea kamashini chini ya ngozi hapa begani, kawe kanautolea moyo cheche ukisahau. Halafu akasema padri naruhusiwa. Mkuu wa mtaa naruhusiwa. "Huyu," akamwonyesha mwanangu kwa kalamu, "hapana."

Mwanangu alikuwa anaitazama tai yake mkononi kama mtu aliyeokota nyoka. Hakuivaa. Lakini huyu ni mwanangu, na mimi namjua, haachi jambo katikati. Kidevu kikashuka hata bila tai, vidole vikapanda kutafuta fundo, havikulikuta, vikabaki pale hewani.

"Sawa," akasema. "Nimeelewa. Lakini tulikubaliana. Moyo ukionekana una tatizo. Na tatizo limeonekana, sekunde nne, mbele yangu. Hawezi kukaa peke yake Gikondo. Chumba kiko tayari. Jumamosi naleta gari, mama anahamia kwangu, nimwangalie mwenyewe kila siku."

Nilimtazama muganga, muganga akatazama kompyuta. Nikamtazama binti wa mashine, akakunja nyaya zake. Nikaanza kushuka kitandani, natafuta kandambili kwa mguu, nimeshaanza kuhesabu moyoni nani nitamwachia benchi langu.

Mkamwana wangu akasimama, akafunga mkoba wake, akamwambia mume wake:

"Kule Gikondo anakuiga Jumapili tu. Kwetu atakuona asubuhi, mchana na jioni. Huyo hamalizi wiki."